Mtafsiri wa Kiitaliano pale Uhindini, Dodoma: nyota nne

Nianze na steshenari moja ya mjini, jina naliacha. Nilipeleka barua ya mahakama ya wifi yangu, mke wa kaka. Ni Mwitaliano wa Napoli, aliasiliwa akiwa mchanga, na sasa anamtafuta mama aliyemzaa. Kwa Kiswahili cha soko la Majengo humwezi, ila mambo ya sheria yanamshinda kueleza, na baba alitaka asome mwenyewe ajue mkwe wake ni wa mlango gani. Kijana akaipiga picha kwa simu, simu ikatafsiri, akaprinti, elfu tano. Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mtoto wa mwanamke asiyekubali kuteuliwa." Akanyamaza kidogo. "Kwani alikuwa anapewa ukuu wa wilaya?"

Kwa mji huu wa teuzi, mzee hakukosea kuuliza.

Ndipo nikaipeleka kwa mtafsiri, mama wa Uhindini. Ni mwalimu mstaafu, kaishi Italia miaka mingi. Akaweka kidole juu ya neno lenyewe, nominata. "Hapa ni kutajwa jina, mwanangu." Kule, akasema, mwanamke anaweza kujifungua hospitali na jina lake lisiandikwe kabisa kwenye kumbukumbu za mtoto. Sheria namba 184 ya 1983 inamruhusu aliyeasiliwa, akifikisha miaka 25, kuiomba mahakama ya watoto impe habari za wazazi wake. Lakini waliozaliwa kwa siri kama wifi walikuwa wanagonga ukuta, maana siri ile ni ya miaka 100. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba, uamuzi namba 278, ikasema mama lazima apewe nafasi ya kubadili mawazo. Siku hizi jaji anamtafuta kimyakimya na kumuuliza. Akikataa, ndiyo basi. Barua ilikuwa inasema ombi la wifi limekubaliwa, mama atatafutwa. Kijana wa simu alikuwa ameandika "limekaribishwa".

Wifi alishakaribia kumlipa mtu wa mtandaoni amchimbulie majina kwenye Antenati. Mama akamkatalia: tovuti ile ya nyaraka za serikali ya Italia ni bure, na vitabu vyake ni vya enzi za mababu. Mtu wa 1987 utamkuta wapi humo? Kwa ushauri huo hakutoza kitu. Kutafsiri ni elfu ishirini kwa ukurasa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya ahadi. Alisema Alhamisi, nikapata baada ya siku tisa, na mara mbili nimetoka Nkuhungu kwa bodaboda nikakuta kufuli. Mpigieni kwanza.

Halafu muhuri wake una wino mwingi, msikunje karatasi papo hapo. Ya kwetu, iliyoko sasa kwenye bahasha ya hati ya kiwanja cha baba, ina mihuri miwili.