Ditekta ya kununua ukitaka teknolojia isonge mbele

Tangazo la ditekta, yaani mashine ya kutafutia sarafu, dhahabu na metali nyingine ardhini, likianza kwa kujisifia kina inachofika, litilie shaka. Uga wa sumaku unaotoka kwenye koili, ile duara ya waya iliyo mwishoni mwa mpini, hudhoofika haraka unaposhuka ardhini, na mwitikio wa sarafu nao hudhoofika ukipanda kurudi juu. Kwa kitu kidogo, kina kikiongezeka mara mbili, ishara inayobaki ni takriban sehemu moja ya 64. Kuongeza nguvu hakusaidii sana, maana kelele ya udongo wenye chuma nayo hupanda. Hilo bado halijapatiwa mwarobaini.

Panapobaki nafasi kubwa ya kuboresha ni kwenye akili ya mashine: kutenganisha sarafu na msumari ulio kando yake, na kutoa kwenye skrini namba ya kutambulisha kitu isiyoyumbayumba. Kazi hiyo hufanywa na programu, na programu hukomaa kwa malalamiko ya watu wanaochimba kila wikendi. Ndiyo maana nimezipanga mashine hizi kwa kuangalia pesa yako itasukuma nini, mbali na utakachokipata ardhini.

1. Masafa mengi kwa pamoja, zinazokubali programu mpya

Masafa hapa ni kasi ya mitetemo ya uga wa sumaku, si umbali. Ya chini huyapenda madini ya fedha na sarafu nene. Ya juu hukamata dhahabu ndogo na vitu vyembamba. Mashine inayotuma yote kwa wakati mmoja hulinganisha majibu na kuuondoa udongo kwenye hesabu, jambo linaloonekana hasa kwenye mchanga wa bahari wenye chumvi. Minelab ya Australia ilikuwa na wazo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini Equinox ya mwaka 2018 ndiyo iliyolishusha hadi bei ya kati. Nokta ya Uturuki ikajibu kwa Legend, XP ya Ufaransa kwa Deus II. Ushindani huo ulilipiwa na wanunuzi wa kawaida.

Kwangu mimi sifa kuu ni waya wa kuunganisha na kompyuta. Deus ya kwanza ilitoka mwaka 2009 na ikaendelea kupata matoleo mapya ya programu kwa miaka kadhaa. Mwenye mashine ya zamani alipata uwezo mpya bila kununua nyingine. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa kampuni usome historia ya matoleo. Kama miaka imepita pasipo toleo jipya, ujue ulichonunua ndicho utakachobaki nacho.

2. Ya kujiundia

Wengi wataishangaa nafasi hii. Lakini saketi za mfumo wa mapigo, yaani mashine inayopiga mkondo mfupi, kuukata, kisha kusikiliza mwangwi wake, ni rahisi kiasi kwamba mtu anayejua kulehemu vipande vya elektroniki anaweza kuziunganisha mezani na kuzungusha koili kwa mkono. Hupati skrini wala namba, na itakutesa kabla haijatulia. Ila ukishaielewa, utatoa maoni yanayomfaa mhandisi. Na wapenzi wa kutafuta ndio walioanzisha baadhi ya kampuni hizi: Charles Garrett, aliyefungua yake Marekani mwaka 1964, alikuwa mhandisi wa umeme na mtafutaji hazina.

3. Mashine za mapigo za kiwandani

Kwa dhahabu kwenye udongo mwekundu uliojaa chuma, ndizo zinazotawala. Bei yake hutoa machozi, na udhaifu wake ni uleule: hazitofautishi vizuri msumari na dhahabu. Atakayelitatua hilo vizuri atabadilisha mchezo mzima. Kama huendi kutafuta dhahabu, ziache.

4. Masafa mamoja

Inamtosha anayeanza. Ni nyepesi, nafuu, na mfano kama Simplex+ ya Nokta, inayotumia masafa ya 12 kHz, hukufundisha masikio. Ukiinunua mitumba kampuni haipati kitu, lakini hakuna dhambi.

Usiziguse: fimbo za "kutambua dhahabu toka mbali"

Antena inayozunguka kwenye mpini na kudai kunusa madini kilomita nzima ni utapeli. Mwaka 2013 Mwingereza James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza ADE 651, kifaa cha aina hiyo kilichodaiwa kugundua mabomu nchini Iraki.

Ukishanunua, irudishie kampuni taarifa zenye maana. "Haifiki chini" haimsaidii mtu. Taja toleo la programu, ukubwa wa koili, kiwango cha unyeti na aina ya udongo. Lalisha sarafu, weka msumari wenye kutu kando yake, pitisha koili kutoka pande mbili, rekodi video yenye sauti, kisha badilisha mpangilio mmoja tu na urudie.