Karakana ya kuvunja bajaji za umeme, Soweto Mbeya: betri wanazijua, karatasi bado

Mnunuzi wa skrepa wa kawaida ukimpelekea bajaji ya umeme iliyochoka, ataipandisha mizani nzima nzima, betri ikiwa ndani, akulipe bei ya chuma. Hapo umeshapunjwa. Karakana hii ya Soweto, inayopokea bajaji na pikipiki za umeme kutoka kwa watu wenye vyombo vingi, inaanzia kwingine: betri inatoka kwanza na kupimwa, ndipo bodi izungumzwe. Kwa hilo tu inastahili safari, hata kwa anayetoka Tukuyu au Chunya.

Bajaji nyingi za zamani zina betri tano za risasi za volti 12, zimeungwa mfululizo kupata volti 60. Moja ya Ah 100 (Ah ni ampea mara saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutoa) ina uzito wa karibu kilo 30, seti nzima kilo 150 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Dereva akisema betri zimekufa, mara nyingi iliyokufa ni moja. Kontrola ya volti 60, yaani kifaa kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota, hukata umeme jumla ikishuka hadi kama 52.5. Sasa piga hesabu: nne zikiwa kwenye 11.1 na ya tano imeanguka hadi 8.1, jumla ni hiyo hiyo 52.5. Bajaji inazima katikati ya Mlima Nyoka na abiria watatu ndani, na mwenye nayo anaandika hasara ya betri tano.

Mafundi wa hapa hawaridhiki na kugusa nguzo, yaani ncha za betri, kwa mita na kusoma volti, na wana haki. Betri mbovu iliyolala kwenye chaja inaweza kusoma 12.7, ukiipa mzigo ikaporomoka ndani ya dakika kumi. Wao huchaji kila betri peke yake, huiacha ipumzike saa kadhaa, halafu huivuta kwa ampea 20 mpaka ifike volti 10.5. Muda huandikwa kwa kalamu nzito kwenye kipande cha tepu ya karatasi juu ya betri. Iliyodumu saa 3 imetoa Ah 60, bado inafaa taa na redio za nyumbani. Iliyodumu dakika 40 imetoa Ah 13 tu. Hiyo inakwenda kwenye rundo la risasi. Juni na Julai omba kipimo kifanyike mchana, betri ikiwa imelala ndani. Baridi ya Mbeya hupunguza uwezo wa betri ya risasi, na betri nzima inaweza kuhukumiwa kwa kosa la hali ya hewa.

Rundo lenyewe ndilo tulilolipenda kuliko yote. Betri hazipasuliwi. Zimesimama wima kwenye trei za plastiki, nguzo zimefungwa tepu, na pembeni kuna ndoo ya chokaa ya kumwagia tindikali ikivuja. Zinauzwa zikiwa nzima kwa mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Kwenye biashara hii wapo wanaopasua kasha kwa shoka, wakamwaga tindikali mtaroni na kuyeyusha risasi kwa mkaa hatua chache kutoka wanapocheza watoto. Risasi haina kiwango kilicho salama mwilini mwa mtoto, na vumbi lake hukaa kwenye udongo miaka na miaka. Anayekuongezea bei kidogo kwa sababu anayeyusha mwenyewe, usimuuzie.

Upande wa umeme wako makini. Waya wa chanya ukishafunguliwa, balbu huunganishwa kwenye ncha mbili za kontrola mpaka umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Hatua hii huchukua dakika moja na wengi huiruka, kisha spana inapiga cheche usoni. Waya tatu nene za mota, njano, kijani na bluu, pamoja na zile nyembamba za sensa, zinafunguliwa kwenye soketi zake bila kukatwa, kwa hiyo mota inauzika kama mota. Waya wa shaba unamenywa kwa kisu, hauchomwi.

Kwenye lithiamu kuna zuri na baya. Kasha la betri ya pikipiki hufunguliwa kwa bisibisi. Grainda hairuhusiwi mezani. Pakiti ya seli 20 za volti 3.2 inatoa 64, na kila seli hupimwa yenyewe. Iliyovimba, au iliyoshuka chini ya volti 2, hairudi kwenye chaja hata mwenyewe abembeleze: shaba ya ndani huenda imeshaanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kupiga shoti baadaye na kuwaka. Hapo hatuna neno. Tatizo ni betri za sola wanazotengeneza kwa seli zilizobaki, nne nne kupata volti 12.8. Moja iliyokuwa mezani ilikuwa na seli zilizoandikwa Ah 38, 39, 31 na 40. Betri hiyo ni ya Ah 31, basi, maana seli dhaifu ndiyo inayofika chini kwanza na kujaa kwanza. Ukinunua, soma namba zote nne, na hakikisha saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme seli ikizidi au ikishuka mno, ni ya seli nne. Anayeipeleka Makete au Kitulo, kwenye barafu ya asubuhi, asiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Seli huharibika bila kuonyesha dalili.

Karatasi ndiyo aibu ya karakana hii. Risiti inaandikwa "skrepa", kilo na pesa, basi. Namba ya chasi haipo, namba za betri hazipo. Mwenye bajaji kumi anahitaji ushahidi wa kufuta usajili TRA, la sivyo chombo kilichokwisha kuyeyushwa kinaendelea kusomeka kwa jina lake. Kanuni za 2021 za taka hatarishi na taka za kielektroniki, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka ijulikane taka imetoka kwa nani na imekwenda wapi; NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, wakaulizwe. Chasi nazo huuzwa zikiwa nzima. Lipia ikatwe mbele yako kwenye namba, ipige picha kabla na baada, na ondoka na vibao vyako vya namba.

Ukienda, beba chaja iliyokuja na chombo, kwani bila hiyo kipimo cha lithiamu kinasubiri. Bei ya kilo hubadilika, ulizia siku hiyo hiyo. Seti moja ya betri tano huchukua siku mbili au tatu, na mashine za kupimia ni mbili tu, kwa hiyo mwenye vyombo zaidi ya vitano atoe taarifa wiki moja kabla.