Hansadi ya Bunge la Tanzania: tathmini ya huduma inayomweka Waziri na kauli yake

Ofisi ya Bunge la Tanzania huweka katika tovuti yake kumbukumbu rasmi za vikao, yaani Hansadi, ambazo jalada lake huandikwa Majadiliano ya Bunge. Kila kikao kina waraka wake, na mtu yeyote anaweza kuupakua bila malipo. Kwa maoni yangu hii ndiyo huduma bora kuliko zote anazopewa na Bunge mwananchi asiyefika Dodoma, na inastahili wasomaji wengi zaidi kuliko ilio nao, kwa sababu ndani yake kauli ya Serikali hubaki na tarehe yake, jina la aliyeitoa na maneno yake yote.

Haja ya maandishi haya iliongezeka Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, ikitaja gharama kuwa sababu. Hata pale matangazo yanapopatikana, anayekuwa kazini au shambani hawezi kukaa mbele ya kioo tangu saa tatu asubuhi Bunge linapoanza hadi jioni linapoahirishwa. Hansadi humngojea mpaka apate nafasi.

Waraka wa siku moja hufuata mpangilio wa ukumbini: dua, hati za kuwasilishwa mezani, maswali na majibu, kisha hoja au muswada wa siku hiyo. Msomaji mgeni ninamshauri aanze na maswali. Kila swali lina namba yake na jina la muulizaji, na si rahisi kupitia vikao vichache bila kukutana na mbunge anayetaka kujua ni lini Serikali itajenga barabara fulani kwa kiwango cha lami. Mara nyingi husimama Naibu Waziri, akajibu kwa niaba ya Waziri wake “kama ifuatavyo”. Jibu hilo la msingi limetayarishwa wizarani na kila neno lake limepimwa. Baada yake huja maswali ya nyongeza, ambayo mjibuji hakuletewa kwa maandishi, na hapo ndipo waraka unapopata uzito, kwa kuwa ahadi nyingi hutolewa katika dakika hizo. Kusema upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa awali wa mradi, umekamilika ni jambo moja. Kusema unaendelea ni jambo jingine. Na kusema ujenzi utaanza “kutegemea upatikanaji wa fedha” ni kutotaja siku kabisa. Wananchi wa kata inayosubiri barabara hiyo wana haki ya kujua waliambiwa lipi kati ya hayo, na mwaka uliofuata waliambiwa nini. Anayeweka Hansadi mbili za miaka miwili kando kwa kando atapata jibu ambalo hakuna mkutano wa hadhara utakaompa.

Mkutano wa Bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni, ndio wenye nyaraka ndefu kuliko zote. Hotuba ya Waziri huchapishwa kama ilivyowasilishwa mezani, pamoja na sehemu ambazo muda haukumruhusu kuzisoma, na wengi huchoka hapo wakaacha. Ninawasihi waruke kurasa hizo, wasome kwanza Kamati ya Matumizi inayokuja mwishoni. Bunge zima likikaa kama Kamati hiyo kupitisha makadirio ya matumizi ya wizara, mbunge ambaye hakuridhika huweza kushika shilingi katika mshahara wa Waziri, yaani kutoa hoja kwamba mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja, akieleza jambo moja mahususi analolitaka. Waziri hulazimika kujibu jambo hilo hilo, wenzake huinuka kuunga mkono au kumsihi airudishe shilingi, na mwisho ama huirudisha kwa ahadi iliyotamkwa mbele ya wote, ama hoja huamuliwa kwa kura. Hakuna sehemu nyingine ya mwaka wa Bunge inayoonyesha wazi kiasi hiki nani alidai nini na alitosheka na nini.

Mwenye kutaka kuona huduma hii katika ubora wake asome vikao vya tarehe 6 na 7 Februari 2008, wakati Samuel Sitta akiwa Spika. Siku ya kwanza Dkt. Harrison Mwakyembe aliwasilisha taarifa ya Kamati Teule ya Bunge iliyoundwa Novemba 2007 kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond mwaka 2006, nchi ilipokuwa katika upungufu mkubwa wa umeme uliotokana na ukame. Siku ya pili Waziri Mkuu, Edward Lowassa, aliyetajwa katika taarifa hiyo, alilalamika kwamba Kamati haikumhoji, kisha akatangaza kwamba ameomba kwa Rais kujiuzulu. Nimesikia masimulizi mengi ya siku hizo mbili, mengine yakitiwa chumvi na mengine yakipunguzwa kwa kufuata mapenzi ya msimuliaji. Katika kumbukumbu rasmi mtu husoma hoja za Kamati na malalamiko ya Waziri Mkuu kila upande kwa maneno yake, naye akaamua mwenyewe.

Upungufu upo, na baadhi yake unapotosha. Wabunge wanaokosa nafasi ya kusema huruhusiwa kuchangia kwa maandishi, na michango hiyo huchapishwa pamoja na ile iliyosemwa, nayo ikianza vilevile kwa “Mheshimiwa Spika”. Asiyeangalia kwa makini atadhani ilisikika ukumbini na kujibiwa hapo hapo. Neno (Makofi) linalowekwa katika mabano halielezi ni upande gani uliopiga makofi hayo, jambo lenye maana kubwa pale hoja inapoligawa Bunge. Linalonisumbua zaidi ni kura. Maamuzi mengi hufanywa kwa sauti za ndiyo na siyo, na kumbukumbu husema tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa, hivyo mpiga kura wa jimbo hawezi kujua mbunge wake alikuwa wapi. Bajeti ya Serikali ni tofauti, kwa kuwa kila mbunge huitwa kwa jina na jibu lake huandikwa, na sioni sababu ya kutotumia utaratibu huo kwa miswada mizito.

Kuhusu umbo la nyaraka zenyewe, hupangwa kwa mkutano na kikao, kwa hiyo njia ya uhakika ya kufika unakotaka ni kujua tarehe. Mwandishi wa habari au mwanafunzi wa sheria atamudu. Mwenyekiti wa kijiji anayetafuta kila kilichosemwa juu ya mradi wa maji wa kwao, akitumia simu na kifurushi kidogo cha intaneti, atalazimika kupakua waraka mzima wa kurasa nyingi ili asome aya mbili, na huenda akakata tamaa kabla hajazifikia. Yeye ndiye aliyepaswa kufikiriwa wa kwanza. Faharasa moja inayokusanya maswali na majibu kwa jina la jimbo na kata, ikisasishwa kila mkutano unapoahirishwa, na kila jibu likifunguka peke yake katika ukurasa mwepesi, ingemfaa kuliko usanifu mpya wowote wa tovuti, na kazi ngumu ya kuandika maneno hayo tayari imeshafanywa na watumishi wa Bunge.