Nimetolewa tezi ya shingo: sauti imerudi, chai ndiyo imenisumbua

Mimi nauza mitumba Gikomba, sauti ndiyo mtaji wangu. Kwa hiyo daktari aliposema goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, imekua hadi inasukuma koo, na kwamba tezi yote ya thairoidi itolewe, nilimuuliza jambo moja tu: nitaweza kuita wateja?

Hakuzunguka. Neva za sauti hupita nyuma ya tezi hiyo, akasema, kwa hiyo hatari ipo, ingawa ni ndogo. Akanipitishia kikamera puani aone nyuzi za sauti zilivyo kabla ya kunigusa kwa kisu. Hapo nikamwamini.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala. Niliamka na mrija shingoni ukichuruza damu kwenye kichupa. Siku ya pili ukatolewa, ya tatu nikaruhusiwa. Wauguzi wa usiku walikuwa na roho nzuri kuliko wa mchana. Bili tuiache.

Lalamiko langu ni hili: hakuna aliyenitajia kalsiamu. Nikiwa kwenye matatu ya Umoja, siku hiyohiyo ya kutoka, midomo ikaanza kufa ganzi. Nilipomnyoshea makanga nauli, vidole vikajikunja na noti ndani, vikakataa kufunguka. Nikajua ni kiharusi. Kumbe nyuma ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalsiamu mwilini, na vikiguswaguswa kwenye upasuaji huweza kuzubaa kwa muda. Nilirudi, nikatundikiwa dripu, mkono ukalegea. Sentensi moja kwenye karatasi ya kuruhusiwa ingenitosha!

Sasa nameza levothairoksini, homoni ya kidonge badala ya ile ya tezi, kila siku, maisha yangu yote. Tumbo tupu, maji matupu, halafu nisubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo nile. Vidonge vya kalsiamu navyo vikae mbali nayo, kwa muda wa saa nne hivi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikiiteremsha kwa chai ya maziwa, si ndiyo tumelelewa nayo? Nikawa nasinzia juu ya marobota, nimevaa sweta jua la saa saba. Kipimo cha TSH cha wiki ya sita, kile cha damu kinachoonyesha kama homoni inatosha mwilini, kikaniumbua. Siku hizi naweka kengele saa kumi alfajiri, nameza, narudi kulala.

Sauti ilikwaruza wiki tano, jirani wa kibanda akiniitia wateja. Sasa naita mwenyewe, ila nikipandisha sana "mia mia" ya mwisho inakatika, na yeye hunimalizia.