Bastola ndogo kwa mkimbiaji: Bodyguard 2.0, LCP Max, P365 na 642 zikikutana na jasho

Bastola inayotulia kiunoni ofisini huwa kero barabarani saa kumi na moja alfajiri, mwenyewe akiwa na kaptula ya lastiki na fulana nyepesi. Mkimbiaji hana mkanda wa ngozi wa kubebea uzito wala koti la kufichia umbo, na mwili wake unatikisika na kutoa maji ya chumvi kwa dakika arobaini au zaidi. Bastola nne zinazopitiwa hapa zote ni silaha nzuri. Tofauti yao iko katika kuvumilia mtikisiko, jasho na mkono uliochoka.

Tunazungumzia Marekani, ambako Waswahili wengi wa Columbus, Minneapolis, Houston na Dallas wanaishi chini ya sheria zinazoruhusu kubeba silaha iliyofichwa. Kabla ya bei, tazama karatasi zako. Mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au ya mtalii, anakatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini kosa la silaha linaweza kumwondoa nchini, kwa hiyo asibahatishe hata kidogo; saa moja ya wakili wa uhamiaji ni rahisi kuliko kesi.

Texas tangu Septemba 2021 na Ohio tangu Juni 2022 watu wazima wengi wanaweza kubeba bila kibali. Hata hivyo chukua kibali. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000, karibu mita 305, kutoka shule, na msamaha unampata aliyepewa leseni na jimbo ilipo shule hiyo. Njia ya mazoezi ya kilomita nane mjini hupita shule mbili tatu bila mtu kuhesabu. Asiye na kibali anaweza kuvunja sheria kila asubuhi huku akiamini jimbo limemruhusu. Kibali na kitambulisho vitie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, maana karatasi iliyolowa jasho haisomeki mbele ya polisi.

Sasa ubebaji, ambao wengi huuacha mwisho na ndio unaoamua kama bastola itatoka nyumbani. Mfuko wa kaptula usahau. Kila hatua bastola inagonga paja, inajizungusha, na mara kitufe cha kuachia magazini, lile kasha la risasi linaloingia kwenye mshiko, kinabonyezwa na kitambaa. Magazini inashuka milimita chache tu, huoni kitu, na siku ya kuihitaji unabaki na risasi moja iliyomo kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu. Bastola nyingine zina kifaa kinachozuia kufyatua magazini ikiwa haijakaa, na hapo hata hiyo moja haitoki.

Mikanda ya kitambaa ya tumboni inauzwa sana kwa sababu ni rahisi na laini. Tatizo lake ni mbili. Lastiki hulegea baada ya kufuliwa mara kadhaa, na kitambaa kinachofunika triga hakiizuii kusukumwa. Kidole, ufunguo au pindo la fulana vinaweza kuisukuma kupitia kitambaa hicho. Ukipenda mkanda wa aina hii, nunua ule wenye ala ya plastiki ngumu ndani yake, inayofunika eneo lote la triga. Ala isiyofunika triga kabisa isiingie kwenye hesabu, hata ikipewa bure.

Kifaa kilichotengenezwa hasa kwa mtu asiyevaa mkanda ni Enigma ya PHLSTER. Ni bamba linalofungwa kwa skrubu ala ya Kydex, yaani plastiki ngumu, mkanda mwembamba unaozunguka kiuno ndani ya nguo, na kamba ya mguuni inayozuia bamba lisipande juu unapochomoa. Kukiweka sawa kunataka subira. Fungua skrubu, pandisha au shusha ala, zungusha pembe kidogo, ruka mara ishirini bastola ikiwa tupu, kisha rekebisha tena. Ukikaza sana utashindwa kupumua kwa tumbo kwenye mlima. Ukilegeza, bastola itapiga kinena. Kikikaa sawa, hakuna kingine kinachoshika bastola ya gramu 500 kwa utulivu huo. Vaa fulana nyembamba ya ndani kati ya bamba na ngozi, la sivyo utachubuka kabla ya kilomita ya tatu.

Pochi ya kiunoni au ya kifuani inafaa kwa wanaokimbia masafa marefu njia za porini, na Hill People Gear wana ya kifuani iliyobuniwa kwa kazi hii. Masharti ni machache lakini hayana mjadala: sehemu ya bastola isiwe na kitu kingine chochote, wala funguo wala pakiti ya sukari, bastola ikae ndani ya ala yake humo, na pochi isivuliwe. Ukiivua ili kunywa maji bombani au kuingia chooni, umeiacha silaha mikononi mwa yeyote anayepita.

Kwa wakimbiaji wengi, ya kwanza kuijaribu iwe Smith & Wesson Bodyguard 2.0. Ilitoka mwaka 2024, inatumia risasi ya .380 ACP, ina mtutu wa inchi 2.75 na uzito wa takriban gramu 280 ikiwa tupu. Inakuja na magazini mbili, ya risasi 10 na ya 12. Ikijazwa 10 na moja kwenye chemba inakaribia gramu 380, uzito ambao hata mkanda mwepesi unaubeba bila kushuka. Jambo linaloipa nafasi ya mbele ni slaidi, sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapopiga, ambayo ni ya chuma cha pua yenye mipako ya Armornite, ambayo jasho huchelewa kuila. Inapatikana na au bila kitufe cha usalama. Kwa anayebeba ndani ya ala ngumu, isiyo na kitufe inatosha, ila anayeanza kubeba silaha hatapoteza kitu kwa kuchagua yenye nacho, mradi afanye mazoezi ya kukishusha kila anapochomoa.

Ruger LCP Max ya mwaka 2021 ni ndugu yake wa karibu: .380 ile ile, 10 na moja, karibu gramu 300, upana wa milimita 21 hivi, na alama ya mbele ya kulengea yenye tritiamu inayoonekana gizani, jambo la maana kwa mkimbiaji wa alfajiri. Ni nyembamba kuliko zote hapa na inafichika chini ya fulana yoyote. Lakini slaidi yake ni chuma cha kawaida kilichotiwa rangi ya oksidi nyeusi, na chuma hicho na chumvi havipatani. Kutu huanza kwenye mikwaruzo ya kushikia nyuma ya slaidi na kuzunguka alama za kulengea, madoa ya rangi ya chungwa madogo kama punje za pilipili manga. Kuifungua kwa usafi nako kunahitaji kuchokoa pini kwa kifaa chembamba, na pini hiyo hupenda kuruka ikapotea zuliani. Anayejijua mvivu wa kusafisha asiinunue kwa kukimbilia, hata akiikuta kwa punguzo.

Hizi mbili zina kasoro moja ya pamoja, na haitajwi vya kutosha dukani: wepesi wao unazifanya zipige teke kali, na zinategemea kushikwa imara ili slaidi irudi hadi mwisho. Mkono uliolegea kwa uchovu na kulowa jasho hautoi upinzani huo. Slaidi inarudi nusu, ganda tupu linabanwa kwenye mlango wa kutokea maganda likiwa limesimama, na bastola inanyamaza. Jaribu hali hiyo kabla ya kuiamini. Uwanja wa shabaha hautakuruhusu kukimbia ndani, basi ruka kamba au chuchumaa na kusimama nje mpaka moyo uende mbio, ingia, safisha mikono kwa maji bila kuifuta vizuri, kisha ukiwa mstarini na mtutu ukielekea kwenye shabaha, piga magazini nzima kwa mkono mmoja. Desturi ya wengi ni risasi 200 bila hitilafu, 50 kati yake zikiwa zile utakazobeba, ndipo bastola iaminiwe.

SIG P365 ndiyo iliyobadilisha soko ilipotoka 2018, kwa kutia risasi 10 na moja za 9mm ndani ya bastola yenye urefu wa milimita 147. Matoleo ya mwanzo kabisa yalikuwa na matatizo ya pini ya kufyatulia, yakarekebishwa. Ina uzito wa gramu 505 ikiwa tupu na takriban 640 ikijazwa. Uzito huo mkanda wa kitambaa hauuwezi. Inataka Enigma au pochi iliyokazwa. Malipo yake ni kwamba inapigika vizuri zaidi: mshiko umejaa mkononi, teke linavumilika, na 9mm ina nguvu ambayo .380 haina. Mwenye vidole dhaifu au maumivu ya viungo aulizie P365-380, ambayo slaidi yake ni laini zaidi kukoki, yaani kuivuta nyuma kwa mkono. Bastola nyingine, Springfield Hellcat, iko katika uzito huo huo na haina la ziada kwa mkimbiaji.

Rivolva ya Smith & Wesson 642 inaonekana ya kizee, lakini ndani ya pochi ina sababu nzuri. Nyundo yake imefichwa ndani, kwa hiyo hainasi kwenye zipu. Risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, hivyo haina slaidi ya kukwama kwa mkono mlegevu. Na triga yake ni ndefu na nzito, kinga nzuri dhidi ya kufyatuka kwa bahati mbaya. Ina karibu gramu 410 tupu na inachukua risasi tano za .38 Special. Tano ni chache, na kuzirudishia ukiwa unahema ni kazi. Risasi za +P, zenye presha kubwa kuliko za kawaida, ndani ya fremu ya alumini huumiza kiganja, kiasi kwamba wengi huacha mazoezi. Chukua risasi za wadcutter za 148 grain (grain ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), bapa kichwani na laini kupiga, na utafanya mazoezi zaidi.

Kwa .380, usivutwe na risasi ya kichwa wazi, iliyobuniwa kufunguka inapopenya mwili, yenye maneno makali kwenye boksi. Kutoka mtutu mfupi namna hii, nyingi ama hazifunguki, ama hufunguka na kusimama kabla ya inchi 12 za jeli ya majaribio, inayowakilisha mwili, ambazo FBI, polisi wa upelelezi wa shirikisho, huzitaka. Hornady XTP ya 90 grain na Federal HST ya 99 grain ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini chaguo la mwisho ni ile ambayo bastola yako inaila bila kukwama.

Kuhusu usafi, kosa la kawaida ni kufuta jasho kwa kitambaa kikavu na kuishia hapo. Jasho linakauka, chumvi inabaki. Ukirudi, toa magazini, koki utoe risasi ya chemba, tazama na gusa ndani kwa kidole uhakikishe ni tupu. Pangusa nje kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji safi, kausha, kisha paka mafuta mepesi tone moja yaenee kwenye slaidi, mtutu na mwili wa magazini. Mafuta yasifike kwenye risasi, kwani yakipenya kwenye kiwashio itagoma. Mara moja kwa wiki fungua bastola uondoe nyuzi za nguo. Ala ya Kydex nayo ioshe. Chumvi iliyokauka ndani yake inakwangua mipako kama msasa.

Usirudishe risasi ile ile chemba kila asubuhi. Kila ikigongwa na slaidi, kichwa chake huingia ndani zaidi ya ganda, na presha hupanda inapopigwa. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha mezani. Ikiwa fupi, usiipige, ipeleke uwanja wa shabaha ikatupwe. Siku usiyoisafisha, njia salama zaidi ni kuiacha bastola ndani ya ala yake, imejazwa, na kuivaa na kuivua pamoja na ala, kisha ikaingia kwenye sefu. Usafi wa ndani ufanye siku ile ya wiki.

Mbwa ndio wanaomkabili mkimbiaji mara nyingi zaidi kuliko majambazi, na bastola si dawa yao. Beba kopo la pilipili ya kupuliza mkononi. Ni jepesi na halitoboi ukuta wa jirani.

Dukani, omba ushike Bodyguard na P365 kwa zamu, zikiwa tupu na zimekaguliwa na muuzaji na wewe. Lowesha viganja kidogo kwa ruhusa yake, ukoki kila moja mara kumi. Ile inayoteleza vidoleni mara ya sita au ya saba iache hapo kaunta.