"Graniti nyeusi" ya kaunta: jiwe safi, jina la kuazima

Bamba linalouzwa kama graniti nyeusi mara nyingi si graniti, ni gabro. Yote mawili ni magma iliyopoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake huonekana kwa macho. Lakini graniti haiwi graniti bila kwatzi (madini magumu yanayofanana na kioo) ya kutosha, na gabro karibu haina. Weusi wake ni wa madini meusi yaitwayo piroksini. Vile vijisahani vya kijivu vinavyometa ukiinama usawa wa mwanga ni madini mengine, plagioklasi. Jina gabro lilitoka kwenye kitongoji cha Gabbro, Toscana, Italia, likaenezwa na mwanajiolojia Mjerumani Leopold von Buch mwanzoni mwa karne ya 19. Sokoni halisikiki: kila jiwe gumu linalong'aa huitwa graniti, basi.

Kama jiwe la jikoni, tunalipatia alama za juu. Ndimu na siki haziling'ati kama zinavyong'ata marumaru. Kasoro huanza fundi anapoliamini jina. Mita moja ya mraba ya gabro yenye unene wa milimita 30 ina kilo 90 hivi, graniti ni kama 80. Kabati lipimwe kwa uzito huo. Tena gabro iliyong'arishwa hainywi karibu chochote, kwa hiyo sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe) ikipakwa hukaa juu na kukauka kuwa utando wenye michirizi. Weka tone la maji, subiri dakika 15, futa. Pasipobaki doa jeusi, sila ya nini? Utando ukishakuwepo, paka sila kidogo juu yake ulainike, kisha ufute papo hapo kwa kitambaa kikavu.

Kabla ya kununua, sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye asetoni (kiyeyushi kama cha kuondolea rangi ya kucha). Kikitoka cheusi, bamba ni la kijivu lililotiwa rangi, na hilo ndilo litakalopauka kwa ndimu. Liache. Angalia pia chembe za manjano zinazong'aa kama shaba: huenda ni piriti, madini yenye chuma, ambayo ikikutana na maji karibu na sinki hutoa madoa ya kutu.

Alama za vidole zitaonekana, hilo halina dawa. Uso usiong'arishwa sana huzificha zaidi, ila weusi wake hufifia na mafuta huacha vivuli.