Louvre au Orsay kwa siku moja Paris?

Usijaribu kuyamaliza makumbusho yote mawili. Louvre, kasri la wafalme lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 1793, ni kubwa mno: chagua idara moja au mbili, kata tiketi mapema, na mbele ya mchoro wa Mona Lisa tarajia kuona zaidi migongo ya watu na simu zilizoinuliwa. Hufungwa Jumanne. Orsay, ng'ambo ya mto Seine, ilikuwa stesheni ya treni iliyojengwa kwa ajili ya maonesho ya dunia ya mwaka 1900. Kazi zake nyingi za sanaa ni za 1848 hadi 1914, za wachoraji Monet na Van Gogh zikiwemo, na nusu siku inatosha. Hufungwa Jumatatu. Mwenye watoto ningempeleka Orsay bila kusita. Louvre inamfaa anayejua anachokitafuta.